Tarumbeta la mkono wa kushoto: kukarabati ala za upepo zimfuate mpigaji

Mzee alikuja karakana amelifunga tarumbeta lake kwenye kitenge, amelikumbatia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unaning'inia tu. Kiharusi kilimpiga miezi minane kabla, baada ya maisha marefu ya kupuliza juu ya pikapu za harusi, kutoka Mbagala hadi Tegeta. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Kisha akauliza: "Mwanangu, hili litapigika kwa mkono uliobaki, au niliuze?"

Nikamjibu litapigika, huku nikijua nimeahidi kitu ambacho sijawahi kukitengeneza. Ilichukua majaribio matatu, na moja lilimtoa damu mdomoni. Nitayaeleza yote, pamoja na kazi nyingine za aina hiyo zilizopita mezani kwangu, ili wewe fundi mwenzangu, au mwalimu wa bendi ya kanisa mwenye bisibisi na subira, usianzie nilikoanzia mimi.

Sisi mafundi tumezoea kuletewa chuma: hiki kimebonyea, hiki kimekwama, nyoosha, pokea hela. Kazi hii inaanza na mtu. Urefu wa kidole chake, mgongo wake, meno yake na pumzi yake ndivyo vinavyokuambia shaba ikatwe wapi, na mara nyingi vinakuambia isikatwe kabisa.

Vitu vya mezani

Bisibisi ndogo za fundi saa, koleo yenye mdomo mwembamba, jiliwa uliyoivalisha ngozi, tupa laini, msasa wa namba 400 na 600, kipimo cha milimita. Gundi ya kuchanganya ya aina mbili: ya maji maji, na ile ya donge inayokandwa kama unga. Lehemu isiyo na risasi, maana kitu hiki kinakwenda mdomoni. Kisha vya kuokota: tyubu ya baiskeli iliyochoka, kandambili kuukuu, njiti za baiskeli, kaseti ya zamani isiyosikilizwa tena, na mita moja ya zile taa ndogo za mkanda wanazopambia kumbi za harusi. Kazi ya kaseti na taa utaiona mbele.

Mafuta ya vali (vile vitufe vitatu vya tarumbeta na pistoni zinazoteleza chini yake) nunua ya dukani. Najua wapo wanaoweka mafuta ya kupikia; yanageuka gundi. Ya nazi ndiyo kabisa usiguse. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo tarumbeta linaloteleza vizuri Dar litafika Mbeya asubuhi likiwa limekwama kama lililowekewa nta.

Hatua ya 1: mpime mtu, ala ikiwa bado kwenye begi

Mpe kiti. Mwangalie anavyokaa kabla hajashika chochote, maana akishashika ala ataanza kujikaza ili aonekane yuko sawa. Muulize panapouma ni wapi, panaanza kuuma baada ya nyimbo ngapi, na anapigia wapi: kanisani ameketi, kwenye gwaride anatembea, au juu ya gari. Jibu la swali hili la mwisho lilinigharimu kwa sababu sikuliuliza mapema.

Pima vidole. Chukua mizani ndogo ya jikoni, mwambie aibonyeze kwa kila kidole kwa nguvu anayoweza kuidumisha bila kutetemeka, uandike gramu. Kisha pima vali yenyewe. Simamisha tarumbeta vali zikitazama juu, weka chupa ya plastiki tupu juu ya kitufe cha pistoni, ishikilie isianguke bila kuikandamiza, mimina maji kidogo kidogo hadi pistoni ifike chini kabisa. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Ongeza uzito wa chupa. Sasa una namba mbili za kulinganisha, ya kidole na ya springi, na hubahatishi tena.

Aliyepata kiharusi, mwenye presha au aliyefanyiwa upasuaji wa karibuni, aanze kwa daktari wake. Kupuliza tarumbeta noti za juu kunapandisha presha kwa muda, na hilo si jambo la fundi kuliamua.

Hatua ya 2: ziba panapovuja

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanaporuka. Mara nyingi anayekuja kusema pumzi haimtoshi, au vidole vyake havina nguvu, anahangaika na ala inayovuja. Mwenye mwili mzima anaificha hitilafu hiyo bila kujua: anabonyeza zaidi, anapuliza zaidi, wimbo unakwenda. Mwenye pumu au vidole dhaifu hana akiba ya kukazia. Ukiziba mivujo kwanza, mara nyingine hutahitaji kurekebisha kitu kingine chochote.

Kwa tarumbeta, anza kwa kuliogesha. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwenye beseni lililotandikwa taulo. Maji ya moto yanabandua vanishi. Pistoni zitoe kwanza na uzisafishe peke yake. Zina namba 1, 2 na 3, na kila moja imesagwa kuingia kwenye nyumba yake tu. Pitisha brashi laini yenye mpini wa waya unaopinda ndani ya mabomba yote, hasa lile linalopokea mausipisi, kile kipande cha kupulizia. Yatakayotoka huko usimwonyeshe mteja kabla hajala.

Likikauka, litie mafuta na grisi, kisha ujaribu hivi. Vuta mrija wa vali ya tatu, kile kibomba chake kinachochomoka, nje kidogo bila kubonyeza vali, subiri sekunde tatu, halafu bonyeza. Ukisikia "pop!" ya kizibo, vali inabana. Kimya maana yake hewa ilishapenya. Fanya vivyo hivyo kwa ya kwanza. Kwa mabomba mengine, ziba domo, ule mdomo mpana wa mbele inakotokea sauti, kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio, upulize kwa mdomo. Fundi baiskeli anajua kinachofuata: povu likichemka, pameonekana.

Mara nyingi panapochemka ni kwenye kile kidude cha kumwagia mate. Ndani yake kuna kipande cha kizibo kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kikikauka kinapasuka. Kata kingine kutoka kizibo cha chupa ya mvinyo. Kizibo hakipo? Kandambili. Kata duara kwa bomba la kalamu lililonolewa, gandisha, funga kwa mpira usiku kucha lijipatie umbo la tundu. Litakaa wiki kadhaa.

Ukiona kwenye bomba la mausipisi alama za waridi, nukta ndogo kama upele, hiyo si rangi. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mate yameila zinki kutokea ndani, imebaki shaba nyekundu laini yenye vishimo. Hapo hakuna kuziba kwa kudumu, bomba linabadilishwa. Wakati wa kulitoa kwa moto, zungushia kitambaa kibichi viungio vya jirani, la sivyo utayeyusha lehemu ya vyote vitatu na kubaki umeshika tarumbeta la vipande. Huna uzoefu wa moto? Usijifunzie hapo. Fundi rejeta mzuri anajua lehemu kuliko wengi wanaojiita mafundi wa ala, ila msimamie: amezoea chuma kinene.

Saksafoni na klarineti zinavuja kwenye pedi, vile vibandiko laini vilivyogandishwa ndani ya vikombe vya vitufe ili kuziba matundu. Ingiza ule mkanda wa taa ndani ya saksafoni, zima taa ya chumba, funga vitufe taratibu kimoja kimoja. Mwanga ukichungulia ukingoni, hewa nayo inapita. Kwa uhakika zaidi tumia tepe ya kaseti: kata kipande chembamba kama kijiti cha kiberiti, kiweke kati ya pedi na ukingo wa tundu, funga kwa uzito wa kidole tu, vuta. Rudia pande zote nne. Panapobana, pazima. Panapochomoka kama uzi kwenye siagi, pedi imelala upande. Pasha moto kidogo mgongo wa kikombe gundi ilainike, iweke pedi sawa, funga kwa shinikizo jepesi hadi ipoe. Angalia moto usifike kwenye vile vitufe vyeupe vya vidole. Vya plastiki vinawaka kabla hujasema "aa". Pedi mpya zinauzwa kwa milimita, zinapishana kwa nusu nusu, hivyo pima kikombe, usikadirie.

Ulaini wa springi uguse mwishoni. Vitufe vinavyokaa wazi, kama vile vikuu vya vidole vya katikati, vinaweza kulegezwa: sukuma ile sindano ya springi kwa ndoano ndogo, ipinde nyuzi chache kinyume na nguvu yake. Vinavyokaa vimefungwa ni habari nyingine. Huko springi ndiyo inayoziba tundu. Ukiilegeza sana umemwondolea mtu kazi ya kidole na kumwongezea kazi ya pumzi.

Hatua ya 3: kabla ya kukata, fikiria ala nyingine

Honi ya Kifaransa vali zake zinabonyezwa kwa mkono wa kushoto tangu kiwandani. Wa kulia unaingia ndani ya domo kusaidia sauti. Mwenye kulia dhaifu anaweza kuhamia huko bila kukata chochote, honi ikitegwa pajani au kwenye stendi. Konneti ina mabomba yaleyale ya tarumbeta lakini yamekunjwa karibu, uzito uko kifuani, na mtoto au mwenye bega bovu anaibeba kwa muda mrefu zaidi. Yapo pia matarumbeta ya plastiki, uzito wake takriban nusu ya lile la shaba la kilo moja. Sauti yake wazee wanaibeza. Mimi nasema sauti ya plastiki inashinda ukimya wa shaba kabatini.

Kanisani, hasa kwa Wamoraviani na Walutheri ambao desturi ya kwaya za matarumbeta ilikuja na wamisionari wa Kijerumani, chungulia stoo. Mara nyingi kuna ala za Kijerumani zenye vali za kuzunguka badala ya pistoni. Vali hizo safari ya kidole ni fupi. Uzi wake ukikatika, badilisha kwa mshipi imara wa kuvulia samaki, na ukifungua kifuniko cha nyuma utaona vialama vya kukuonyesha vali imesimama sawa.

Mzee wangu hakutaka honi. "Mimi ni mtu wa tarumbeta," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Hatua ya 4: tarumbeta kwa mkono mmoja

Kwa kawaida mkono wa kushoto unabeba na wa kulia unabonyeza. Ukibaki na mmoja, kubonyeza unakuweza; kinachokosekana ni mbebaji. Kwa hiyo kazi yako ni kutengeneza mkono wa tatu.

Tafuta kwanza kitovu cha uzito. Lining'inize tarumbeta kwa kamba, likiwa na mausipisi, usogeze kamba hadi lilale bila kuinamia upande wowote. Kitakuwa karibu na vali. Weka alama ya chaki.

Sasa onyo: usizibane nyumba za vali. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wake ni ndogo kuliko unywele. Ukizikaza kwa kibanio, hata chenye ngozi, pistoni zitakwama na utalia. Nilichotengeneza ni kitanda. Ubapa wa alumini wa upana wa sentimita 2 unapita chini ya vifuniko vya chini vya vali bila kuvigusa. Ncha zake mbili zimekunjwa kwenda juu, moja nyuma ya vali ya kwanza, nyingine mbele ya vali ya tatu. Kila ncha inabeba kipande cha mninga chenye mifereji miwili, mmoja wa bomba linalotoka kwenye mausipisi, mwingine wa bomba linalokwenda kwenye domo. Mifereji imelazwa ngozi, na juu kuna mkanda wa ngozi wa kukaza kama wa saa. Hakuna tundu hata moja lililotobolewa kwenye tarumbeta. Hakikisha mirija ya vali ya kwanza na ya tatu bado inatoka, na kidude cha mate kinafunguka.

Mara ya kwanza kitanda hiki nilikifunga kwenye stendi ya maikrofoni. Ameketi, stendi mbele, kushoto kunabonyeza: kulikwenda vizuri siku hiyohiyo. Ikiwa mtu wako anapigia nyumbani au kanisani, ishia hapa.

Mara ya pili ndiyo ya damu. Alitaka kurudi kwenye harusi. Nikachukua bomba la pazia, nikalifunga kwa bolti kwenye sakafu ya pikapu, nikajiona mhandisi. Tulitoka kwa majaribio bila bibi harusi, kwa bahati. Tuta la kwanza gari likapanda, mzee akapanda nalo, tarumbeta likabaki palepale kwa sababu limefungwa kwenye sakafu. Aliposhuka, mdomo wa juu ulikutana na mausipisi. Alikaa kimya kidogo, akatema, akasema, "Fundi, hili tarumbeta lako linauma." Kilichoshika ala kilipaswa kuyumba pamoja na mtu, na mimi nilikishikisha kwenye gari.

Ya tatu inatumika mpaka leo. Fimbo ina mabomba mawili ya alumini, moja linaingia ndani ya lingine, urefu unakazwa kwa nati ya masikio. Chini inaingia kwenye mfuko wa ngozi ulioshonwa kwenye mkanda wa kiunoni, kama anavyobeba mshika bendera kwenye gwaride. Ndani ya mfuko nimeweka vipande vitatu vya kandambili, na mtikiso mdogo unaishia humo. Juu, kati ya fimbo na kitanda, kuna kichwa cha duara kilichotolewa kwenye stendi ya simu, kimekazwa kiasi cha kushika lakini si kiasi cha kukataa: ukilisukuma tarumbeta kwa kidole kimoja linarudi nyuma. Hicho ndicho kipimo. Lisiporudi kwa kidole kimoja, mtu wako asipande nalo gari. Finland wanatengeneza fimbo za aina hii kiwandani, zenye springi ndani, kwa jina la ERGObrass; ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Ulaya, zinanunulika.

Yamebaki mambo madogo matatu ambayo ndiyo yanayofanya mtu apige au aache.

Kulabu ya kidole cha mwisho iko upande wa mkono wa kulia. Kwa kushoto haifikiki. Nilitaka kuihamisha kwa lehemu, kisha nikaona uzito haumo tena mkononi na kulabu haina kazi. Niliiacha. Kidole gumba kikakaa chini ya bomba la domo, kwenye kipande cha tyubu ya baiskeli.

Pili, mrija wa vali ya tatu. Noti zinazobonyezwa 1 na 3, na zaidi zile za 1, 2 na 3 kwa pamoja, huwa juu ya tyuni, na mpigaji anazishusha kwa kusukuma mrija huo kwa kidole cha mkono unaobeba. Mkono huo haupo. Tukauacha mrija umetoka kama milimita 6, tukafunga uzi usirudi. Noti za 1 na 3 zikatulia, za 2 na 3 zikashuka kidogo, anazinyanyua kwa mdomo. Ni maelewano, kama ndoa.

Tatu, uso. Upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa umelegea na hewa ilitorokea pembeni. Tulisogeza mausipisi kidogo kuelekea kushoto, upande wenye nguvu. Walimu wa shule watakukemea kwa hilo. Sikiliza sauti, usisikilize kemeo.

Mkono mpya unajifunza polepole. Alianza na skeli moja kwa siku, dakika kumi.

Saksafoni na kidole kilichokatika

Seremala wa Keko, mpiga saksafoni wa Jumapili. Mashine ya randa ilimla kidole cha pete cha mkono wa kulia hadi kifundo cha kwanza. Kipande kilichobaki kinasogea vizuri, hakifiki tu kwenye kitufe.

Usianze na gundi. Kanda unga wa ngano na maji na chumvi, bandika donge juu ya kitufe, mwambie apige na akandamize anavyotaka. Kidole chenyewe kitachonga umbo lake. Kwake lilitoka donge la milimita 11 lililoinamia ndani, kitu ambacho nisingekibuni kwa kipimo chochote. Liache likauke, ndilo mfano wako. Kisha funika kitufe kwa karatasi laini ya plastiki, ile ya kufungia chakula, utengeneze umbo hilohilo kwa gundi ya donge. Ikishika, ichomoe pamoja na plastiki, piga msasa, irudishe kwa tone dogo la gundi inayobandulika. Akiiuza saksafoni, inatoka na kitufe kinabaki kama kilivyozaliwa.

Jaribu uzito: kitufe kilichoongezewa donge kinarudi polepole. Kaza springi yake kidogo tu.

Kidole kikiwa kimekwisha chote, chomelea mkono mdogo wa shaba pembeni ya kikombe uletwe hadi kwa kidole jirani. Mkono ukae kwenye kitufe, kamwe si kwenye mwili wa saksafoni. Mkono mzima ukiwa haufanyi kazi, hapo ni mashine nyingine kabisa. Marekani, mwalimu wa saksafoni David Nabb wa Chuo Kikuu cha Nebraska kule Kearney alipata kiharusi mwaka 2000, na fundi Jeff Stelling akamtengenezea saksafoni ya mkono mmoja inayopiga noti zote, kwa vitufe vinavyobaki chini ukivisukuma upande mmoja na kurudi ukivisukuma upande mwingine. Uingereza kuna OHMI, shirika lililoanzishwa 2011, linalohimiza na kuazimisha ala za mkono mmoja. Nazitaja ili ujue inawezekana, si ili ujaribu kesho asubuhi. Mimi sijajaribu.

Klarineti na kidole gumba

Uzito wote wa klarineti, gramu 800 hivi, unalala kwenye kidole gumba cha kulia. Mama mmoja wa kwaya, mwenye baridi yabisi, alikuwa akifika wimbo wa tatu machozi yanamtoka na waumini wakidhani ni Roho.

Kwa wengi kile kibao cha kidole gumba kimekaa chini mno. Fungua skrubu zake mbili, kipandishe milimita 8 hadi 10, ukishikilie kwanza kwa mpira wa kufungia noti kwa wiki moja. Akiridhika ndipo utoboe matundu mapya, kwa drili ya mkono, ukiweka alama ya tepe kwenye ncha ili usipenye hadi ndani. Kivalishe tyubu laini. Kisha mkanda wa shingoni: lastiki pana ya kushonea, pete ya funguo iliyofungwa kwenye kibao, basi. Lastiki isiwe ngumu. Ikivuta klarineti juu, meno ndiyo yatakayolipa. Anayepiga ameketi anaweza kusimamisha ala kwenye kigingi cha mbao kilichowekwa kati ya magoti.

Watoto

Mrija wa tromboni una nafasi saba, na kutoka ya kwanza hadi ya saba ni karibu sentimita 60. Mkono wa mtoto wa miaka tisa hauendi huko. Usimlaumu. Mfungie mpini wa mti wa sentimita 15 kwenye kishikio cha mrija, ulegee kama bawaba, ausukume kwa ncha. Si uzushi: tromboni za besi za zamani za Uingereza zilikuwa na mpini kiwandani. Mwenye kulia dhaifu, fungua nati kati ya mrija na domo, geuza domo upande wa pili, ikaze. Sasa ni tromboni ya mkono wa kushoto, bila hata tone la lehemu.

Filimbi ya plastiki ya shule nayo si ya mikono miwili mpaka umtake mtoto apige noti zote. Mkono mmoja kwenye matundu ya juu unatoa G, A, B, C na D, na nyimbo za watoto zinazoishi ndani ya noti tano ni nyingi. Ifunge filimbi kwenye ukingo wa meza kwa kibanio chenye sponji. Mtoto mwenye vidole vitatu, ziba tundu moja kwa tepe ya umeme, umtafutie nyimbo za noti zilizobaki.

Yale ya haraka

Aliyepoteza meno ya mbele na anapuliza tarumbeta: mausipisi yenye ukingo mpana zaidi. Wa klarineti au saksafoni: bandika kipande cha tyubu cha unene wa milimita moja juu ya mdomo wa ala, pale meno yanapokaa, meno ya bandia yasiteleze. Mdomo wa ala ulio mweusi, wa ebonaiti (mpira mgumu), usiuoshe kwa maji ya moto, unageuka kijani na kunuka baruti.

Asiyeona: funga uzi wa nailoni uliopakwa gundi kwenye mrija mkuu, mahali tyuni inapokaa, aipapase.

Mwenye ualbino, anayepiga mchana: domo lililong'arishwa linamrudishia jua machoni. Kijana mmoja tulimshonea soksi ya kitambaa cheusi, inafunika nje ya domo tu. Kile kishikio cha noti nikakivuta karibu kwa njiti ya baiskeli, sentimita 12, na noti zikaandikwa kubwa.

Mwenye kiti cha magurudumu: pima ala akiwa ndani ya kiti chake, na si kwenye kiti chako. Tuba inakaa kwenye ubao uliolazwa juu ya sehemu za mikono. Saksafoni pitisha katikati ya mapaja, ugeuze shingo yake nyuzi chache, maana pembeni itagonga gurudumu.

Kabla hajaondoka

Kila kipande ulichokitoa, hata skrubu, kitie kwenye kimfuko, andika kilitoka wapi, kiweke ndani ya begi la ala. Mwambie arudi baada ya wiki mbili, na usimtoze. Ngozi itakuwa imenywea, kaza mikanda. Angalia mkono wake kama una alama nyekundu, na vitufe kama kuna donge limebanduka.

Mzee alirudi baada ya siku nne. Nati ya masikio ilikuwa imelegea na fimbo ilizama katikati ya wimbo, akamalizia amepiga magoti. Sasa nati zimekuwa mbili.